Moshi wa Ng'ambo ya Bonde

Lituhi,
14 Mei 1994

Kaka Sixbert, shikamoo.

Naamini barua hii itakukuta hapo Mbinga ukiwa na nguvu zako, wewe na wifi Luisa na watoto. Sisi huku hatujambo. Mwanangu Siwema ameng'oka meno ya mbele, sasa anacheka akiwa amefunika mdomo kama bibi harusi. Mihogo imekubali mwaka huu. Usipa nao, hawa dagaa wetu wa ziwani, walikuwa wengi, tulianika mpaka tukakosa mchanga wa kuanikia, halafu mvua ikaja kutukumbusha kwamba haijaondoka.

Nimeandika kwa sababu ya mama. Egidi, yule dereva wa lori la mahindi, alipita nyumbani Mapera akamsalimia. Ananiambia mama anakohoa mpaka anashika ukuta, na macho yamekuwa mekundu kabisa. Kaka, wewe uko karibu naye, na barua zako zote unaniandikia kwamba mama mzima. Mzima gani huyo?

Najua kinachomsumbua ni moshi. Anapikia ndani, anaota moto ndani, analala ndani, na mlango umefungwa kwa sababu ya baridi ya huko kwenu. Mimi nimekaa ziwani mpaka nimesahau blanketi linavyokaa mwilini. Mlete mama kwangu. Huku tunapikia nje, moshi unachukuliwa na upepo, hausumbui mtu. Atakaa mlangoni achambue usipa, amfundishe Siwema kusuka mkeka. Sisemi ahamie moja kwa moja. Aje tu mpaka miezi ya baridi iishe.

Nijibu upesi, tafadhali. Kitanda chake nimeshakitandika.

Mdogo wako,
Edina


Mbinga,
20 Juni 1994

Mdogo wangu Edina, marahaba.

Barua yako ilikaa kwenye lori la Egidi mpaka ikanuka dizeli, lakini imefika. Luisa anakusalimu, na watoto wanauliza shangazi wa samaki anakuja lini. Mimi ni kazi tu. Tangu hizi kampuni za watu binafsi ziingie kununua kahawa, kila siku kuna mgeni na mizani yake. Zamani nilikuwa nafungua ghala asubuhi na kulifunga mchana kama mtu wa serikali. Siku hizi hata Jumapili wanagonga. Sikatai, kipato kimepanda kidogo, lakini kwenda Mapera imekuwa mpaka niombe ruhusa.

Ni kweli mama anakohoa. Sikukuambia kwa sababu ungelia, na mimi nikisoma barua ya mtu aliyelia siwezi kula.

Lakini mama akaishi kwa mkwe! Edina, umesahau ulikozaliwa? Mama hawezi kula mbele ya Dastan. Akimwona njiani anaingia porini mpaka apite. Sasa watakaa nyumba moja, mlango mmoja, mama amejifunika kitenge usoni tangu asubuhi mpaka jioni? Na watu wa Mapera watasema Sixbert ana ghala zima mjini, mama yake kamtupa kwa mkwe ziwani. Hilo halipo. Na hapa mjini nilishamwambia aje, alikaa siku chache akasema kaburi la baba halina mtu wa kulipalilia, akaondoka bila kuniaga.

Nimeamua kumjengea. Matofali yameshachomwa, bati lipo. Nimempata fundi, anaitwa Urbani, alijifunza kazi kwenye karakana ya misheni. Ananiambia nyumba ya nyasi inatoa moshi, ila inautoa pamoja na joto, ndiyo maana mama anaziba kila tundu, na akiziba anabaki na vyote viwili. Yeye anajua namna ya kumfukuza moshi kama mwizi, na kumzuia joto asitoke naye. Nilimwambia hilo nitaliamini nikiliona. Akacheka, akaniomba chuma.

Mbona shemeji hukumtaja? Msalimie sana.

Kaka yako,
Sixbert


Lituhi,
2 Agosti 1994

Kaka, shikamoo.

Pokea na usipa hao kwenye mfuko. Nusu ni wa mama, usije ukajisahau. Siwema alipata surua, amepona, amebaki na macho tu usoni. Mimi mzima.

Nimesoma habari za huyo fundi wako nikacheka peke yangu. Moshi afukuzwe, joto abaki! Mwulize kama anaweza kumfukuza mzungumzaji na kuyabakiza mazungumzo. Lakini kama kweli ataweza, mimi nitampikia samaki mbasa mzima kwa mkono wangu.

Ukweli ni kwamba nimeumia kidogo. Ile nyumba ya nyasi sisi tumekulia humo. Unakumbuka asubuhi ilivyokuwa inafuka? Moshi hautoki mahali pamoja, paa zima linafuka kama chungu cha viazi. Na unakumbuka Mama Vitalia ng'ambo ya bonde? Akiamka tu anatazama kwetu. Akiona hakuna moshi na jua limeshapanda, anasimama mlangoni kwake anapaza sauti: "Marselina! Umekufa?" Na mama anatoka nje na kuni mkononi anajibu: "Bado!" Siku nyingine mama ndiye anayeuliza. Baba alikuwa anakasirika, anasema huko ni kuchokoza kifo. Wao wanacheka mpaka bonde zima linaamka.

Nilipoolewa huku, mwaka wa kwanza, nilikuwa natazama milima asubuhi. Nikiona kitu cheupe huko juu najiambia ule ni moshi wa mama, ameamka. Nilijua ni wingu. Hata Mapera haionekani kutoka hapa. Lakini nilikuwa napata nguvu ya kwenda kuteka maji.

Jenga, kaka, siwezi kukuzuia. Ila neno langu la kwanza bado lipo palepale: mlete huku. Suala la mkwe lisikusumbue.

Edina


Mbinga,
25 Septemba 1994

Mpendwa Edina,

Marahaba, na poleni kwa surua. Usipa tumekula, na wa mama nimewafikisha wote ila wachache walioliwa na wifi yako.

Sasa kaa chini nikupe habari. Nyumba imekwisha! Na yule Urbani amenifunga mdomo.

Amejenga jiko la udongo lililofunikwa, juu bamba la chuma la kuwekea chungu. Moshi hauna ruhusa ya kuingia chumbani. Unaingia kwenye bomba linalopanda kwa mshazari ukutani, mpaka kwenye tundu la nyuma chini ya paa. Bomba lenyewe amelizungushia mfereji wa matofali. Hewa safi inaingilia mfereji huo kutoka nje, inalipita bomba la moto, inatokea karibu na kitanda cha mama ikiwa vuguvugu. Hewa na moshi vinapishana bila kugusana, bomba liko katikati yao. Moshi ukifika nje umeshanyang'anywa joto lote. Unatoka mwembamba, unapotelea kwenye miti ya kahawa nyuma ya nyumba. Niliweka mkono pale kwenye tundu nikakuta kama pumzi ya mtu.

Masharti ni mawili. Mapengo yote kati ya ukuta na paa yamezibwa na dari la mbao limepigwa. Na mlango ufungwe muda wote, mchana na usiku, la sivyo baridi inaingia na kazi yote ni bure.

Nililala kwake siku ya kwanza. Edina, mama hakukohoa. Aliamka akaniuliza kama moto umezimika, maana hakuona moshi. Nilimwonyesha makaa. Akayachungulia, akasema, "Nyumba ya baba yako ilikuwa inaniliza kila siku, na hii nayo inataka kuniliza." Nami nikatoka nje nikajifanya naangalia bati.

Malalamiko yake ni kwamba mahindi ya mbegu aliyokuwa anayaning'iniza juu ya moshi yameanza kuliwa na wadudu. Na Mama Vitalia amenuna. Anasema kwetu siku hizi hakuna cha kutazama, anaona bati tu linang'aa. Nikamwambia ndiyo maendeleo hayo, Mama Vitalia, zoea.

Mwambie shemeji nimepata fundi kama atataka.

Sixbert


Lituhi,
11 Desemba 1994

Kaka, shikamoo na Noeli njema.

Nimechelewa kujibu, nilikuwa na mambo. Barua yako imenifurahisha, mbasa wa fundi Urbani yupo, aje tu. Nilimsomea Siwema ile habari ya moshi na hewa wanaopishana bila kugusana. Akaniuliza kama ni kama watu wazima walionuniana.

Nilikuwa nimepanga kuja Noeli. Haitawezekana. Usiniulize sababu, nauli ni mojawapo tu.

Kaka, nakuomba tena, na sitaomba zaidi ya hapa. Mama ana joto sasa, sawa, nimekusikia. Hata hivyo mlete akae nami kipindi cha mvua. Simwombei yeye. Naomba kwa ajili yangu. Nataka kuamka nimsikie mama anachochea moto, basi. Barabara ikishakatika hatapita mtu tena mpaka Juni.

Edina


Mbinga,
6 Februari 1995

Edina mdogo wangu,

Marahaba. Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshachakaa. Luisa alikuwa na malaria, amepona. Sisi wengine tunasukuma siku.

Barua yako ya Desemba imenifikia juzi, na lori halishuki tena huko, daraja limeondoka. Kwa hiyo hata ningetaka kumleta mama isingewezekana. Na tusirudi kwenye mambo ya mkwe, nilishasema.

Kama kuna jambo huko niambie. Umeandika kama mtu anayeongea huku ameangalia pembeni. Dastan anakupiga? Anakunywa? Niambie, mimi ni kaka yako.

Mama ni mzima, kifua kimya kabisa. Kitu kimoja tu, anasema wageni wamepungua. Unajua watu wetu, mlango ukiwa wazi mchana ni karibu, wakikuta umefungwa wanajua mwenye nyumba anapumzika au ana lake, wanageuza. Mama akataka kuuacha wazi. Nikamkatalia. Nilimwambia, mama, nyumba hii ikifunguliwa inakuwa kibanda kama vibanda vingine. Akasema haya. Siku hizi anasema haya kwa kila kitu.

Ni muda kidogo sijafika Mapera. Kuna hesabu za mwisho wa msimu na wakubwa wametoka Dar es Salaam. Lakini simwazi kama zamani. Nikisikia baridi usiku najua mama yangu yuko kwenye joto, nageuka upande wa pili nalala.

Sixbert


Mbinga,
12 Aprili 1995

Edina,

Sijui nianze na salamu gani.

Mama yetu ametutoka Jumamosi, kesho yake ikiwa Jumapili ya Matawi. Tumemzika Jumatatu hapo Mapera, kando ya baba. Tulipeleka tangazo redioni, likasomwa jioni mara mbili. Nilimtuma mtu kwa miguu, akarudia njiani, mto ulikuwa umejaa. Tulisubiri mpaka Padre akasema hatuwezi kusubiri zaidi.

Watu walikuwa wengi. Hakuugua muda mrefu. Jipe moyo, mdogo wangu, Mungu amemchukua mja wake. Njoo barabara ikikauka tufanye arobaini pamoja.

Kaka yako,
Sixbert


Lituhi,
3 Mei 1995

Kaka,

Barua yako niliipokea sokoni. Nilidhani ni ya kawaida, nikaifungulia pale pale mbele ya mafungu ya samaki. Wanawake wa hapa ndio walionibeba mpaka nyumbani, na wamelala kwangu tangu siku hiyo.

Redio hatuna siku hizi. Jirani anasema alisikia jina la Marselina wa Mapera, akafikiri ni mwingine. Kwa hiyo mama yangu alizikwa na mimi nikiwa ninaanika mihogo na kuimba.

Umeandika kwamba hakuugua muda mrefu. Muda gani? Nani alikuwa naye? Nani alimkuta, na alisema nini? Nilinyimwa kumzika, usininyime na haya.

Edina


Mbinga,
28 Mei 1995

Mdogo wangu mpendwa,

Pole, pole sana. Luisa analia kila akikutaja.

Umeuliza habari za msiba. Misa ilisomwa na Padre mwenyewe, kwaya ya akina mama iliimba zile nyimbo alizozipenda. Kaburi tumelijengea. Wazee wa ukoo walikuja mpaka wale wa Kitura. Chakula kilitosha, hakuna aliyeondoka na njaa. Kampuni ilitoa gari. Mahindi yake tumeyavuna na kuyaweka, mashimo yake ya ngoro kule shambani mlimani ameyaacha yamepangwa vizuri kuliko ya vijana.

Mengine tutaongea ukija. Si mambo ya kuandika.

Sixbert


Lituhi,
19 Juni 1995

Kaka Sixbert,

Nakuuliza juu ya mama yangu, unanijibu juu ya chakula.

Haya, basi nitaanza mimi, labda nawe utafuata. Dastan hayupo. Aliondoka Machi ya mwaka jana kwenda Mbamba Bay kuvua, na huko akapata mke na nyumba. Alichukua nyavu na redio. Nilipokuandikia barua ya kwanza ya kumwomba mama, nyumba hii ilikuwa na mimi na Siwema tu. Yule mkwe uliyekuwa unamwogopa hakuwepo. Mama angekaa popote, angekula popote, asingejifunika uso hata siku moja.

Sikuweza kusema. Unakumbuka baba alivyokataa mimi kuolewa na Mwanglikana wa ziwani, na mimi nilivyomkaripia mbele ya wazee. Mama peke yake ndiye alisimama upande wangu, akasema Mungu ni yule yule. Ningeandikaje kwamba mtu niliyewagombanisha kwa ajili yake ameniacha? Nilijiambia mama akifika nitamwambia yeye kwanza, jikoni, akiwa ananisikiliza bila kunitazama kama alivyozoea.

Ningesema neno moja tu, ungemleta. Nalijua hilo, na ninalala nalo.

Sasa wewe. Nani alimkuta?

Edina


Mbinga,
10 Julai 1995

Edina,

Nimeisoma barua yako nikiwa ghalani, nikafunga mlango nikakaa juu ya magunia. Ningekuwa na wewe ningekushika mkono. Kwa kuwa umesema, na mimi nitasema.

Alimkuta Mama Vitalia. Alikwenda Jumamosi mchana kumchukua wakakate matawi ya kanisani. Alibisha mlango, kimya. Anasema alitaka kugeuka, kwa sababu mlango ule umezoeleka kufungwa. Kitu kikamkataza, akausukuma.

Mama alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na jiko. Kuni zilikuwa zimepangwa ndani, hazijawashwa. Majivu yalikuwa baridi kama udongo wa nje. Tunafikiri alianguka Alhamisi asubuhi alipokuwa anakwenda kuwasha moto, maana Jumatano watu walimwona shambani. Alhamisi, Ijumaa, mpaka Jumamosi. Edina, alikuwa anaita msaada. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Mama Vitalia alipita njia ya chini kwenda kisimani siku zote hizo na hakusikia kitu. Nyumba ilizibwa vizuri mno, nililipia ili izibwe vizuri.

Na asubuhi zote hizo alitazama kwetu akaona hakuna moshi. Hakushtuka. Nyumba yangu haikuwa na moshi siku yoyote. Mimi ndiye niliyemwambia azoee.

Alikuwa hai bado. Mama Vitalia alimwinua kichwa akakiweka mapajani. Mama akamtazama, akasema, "Mama Vitalia, mbona siku hizi huniulizi?" Basi. Majirani wakatengeneza machela ya kumpeleka zahanati, hawakufika hata kwenye mteremko.

Ndiyo hayo niliyoshindwa kukuandikia.

Baada ya maziko nilichukua nyundo kubwa nikaenda kulivunja lile jiko. Nilishapiga tofali la kwanza. Mama Vitalia akaingia, akakaa chini mbele ya bomba, akaniambia nimpige yeye. Anasema Marselina miezi ile alilala bila kukohoa, na hilo ni jambo alilomsimulia kila walipokutana kanisani, mpaka yeye akaona wivu. Akaniambia, "Mimi pia kifua kinanimaliza. Nijengee na mimi."

Tumemjengea. Jana Urbani amemaliza. Bomba lake hatukulitoa nyuma chini ya paa. Nilimwambia alipandishe moja kwa moja, litoboe bati, lisimame juu ya nyumba mahali ambapo mtu yeyote wa ng'ambo atauona moshi. Urbani alibisha sana. Akasema hivyo moshi utatoka ukiwa bado na moto wake, joto litapotea. Nikamwambia lipotee.

Sasa sikiliza. Nyumba ya mama ipo, na tofali nililolivunja nimelirudishia. Bomba la mama nalo Urbani atalipandisha juu wiki hii. Mchukue Siwema mje. Usiseme chochote kwa mtu, huna cha kumweleza mtu, ni kwenu. Mlango utauacha wazi au utaufunga, utakavyopenda mwenyewe. Mama Vitalia anasema amebaki peke yake bondeni na hana wa kumtazama.

Kaka yako,
Sixbert


Mapera,
21 Agosti 1995

Kaka, shikamoo.

Tumefika salama, na Egidi alikataa nauli. Siwema anatetemeka, amevaa nguo zake zote kwa pamoja. Nimelia kaburini mpaka nikachoka, halafu nimepalilia. Nyumba ni nzuri. Sikutegemea kuwa nzuri, nilikuja nikiwa nimejiandaa kuichukia. Nimelala kwenye joto la mama, nikasikia hewa inaingia pale karibu na kitanda taratibu, nami nikawa naisikiliza kana kwamba ni yeye.

Asubuhi niliwasha moto nikatoka kutazama ng'ambo. Jua lilikuwa limeshapanda, na kwa Mama Vitalia bomba limesimama juu ya bati bila moshi hata kidogo. Nikasogea mpaka ukingoni mwa shamba nikapaza sauti: "Mama Vitalia! Shikamoo!"

Nikarudia. Halafu nikasikia sauti yake, iko ndani, kali kama zamani: "Siyo hivyo! Uliza kama alivyouliza mama yako!"

Kaka, yule ni mama yangu kwa umri, nitamwambiaje neno lile? Na hata heshima ikiwekwa kando, neno lenyewe halikutoka. Nilifungua mdomo mara nyingi. Nilisimama pale nimeshika mti wa kahawa, nalia kwa sauti, na Siwema ananivuta kitenge akiuliza kuna nini.

Nafikiri alinisikia. Alitoka mlangoni na kuni mkononi, akasimama akitazama huku kwetu. Akangoja. Alipoona siwezi, akajibu mwenyewe:

"Bado!"

Edina